Wapishi wa kulipwa matangani: kwa nini majirani walinyamaza?

*"Mama yetu alifariki mwezi wa Aprili mwaka jana, tukamzika nyumbani Sabatia, Kaunti ya Vihiga. Mimi, binti aliyeolewa, na ndugu zangu tunaishi Nakuru na Kisumu, na kwa kuwa hatukutaka kumsumbua mtu tulikodi wapishi kutoka mjini, wakaja na mahema, vyombo, pilau, chapati na nyama. Asubuhi ya maziko wanawake majirani walifika kama ilivyo desturi, wengine na unga, wengine na kunde, wengine na kuni kichwani. Binamu yangu aliyekuwa akisimamia mambo akawaambia waweke mizigo kando wakae, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeshughulikiwa. Walikaa, wakala, wakaenda. Tangu hapo mambo yamebadilika. Mke wa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayeishi bomani, alijifungua mwezi wa Septemba na hakuna jirani aliyemletea uji. Baba anakula peke yake, na nilipomwona wakati wa Krismasi alikuwa amekonda. Wadogo zangu wanasema huo ni wivu tu na kwamba chakula ni chakula, mradi watu walishiba. Aprili hii tutafanya ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Je, turudie wapishi wale wale, au tuwaachie wanawake wa kijiji kazi ambayo najua ni ngumu? Na kilichoharibika kinaweza kurekebishwa?"*

Poleni sana, dada yangu, wewe na ndugu zako, na pole ya pekee kwa mzee. Umeuliza juu ya wapishi, lakini ukiisoma barua yako tena utaona kwamba swali lako la ndani ni jingine: inakuwaje watu wakaribishwe, wakae, wale na washibe, kisha waondoke kama waliofukuzwa? Nitalieleza hilo kwanza, maana bila kulielewa uamuzi wowote mtakaoufanya kuhusu Aprili utakuwa wa kubahatisha. Jambo la baba yako nitalirudia mwishoni, ingawa halipaswi kungoja Aprili. Ukimaliza kusoma, mpigie simu mke wa kaka yako umuulize mzee amekula nini wiki hii.

Wivu ni maelezo mepesi, na vijijini kwetu hutumika kueleza karibu kila kitu, kuanzia gari jipya hadi ugonjwa wa ng'ombe. Mwenye wivu hukitamani ulicho nacho, hukisema na hukitafutia kasoro. Kwa maelezo yako, majirani zenu hawakusema pilau ilikuwa mbichi wala hawakuwacheka kwa kutumia fedha nyingi. Walichofanya ni kuacha kuleta, na mtu anayeacha kuleta mara nyingi ni yule ambaye alipoleta mara ya mwisho hakupokewa. Hukueleza unga na kunde zile ziliishia wapi. Kama wenyewe walilazimika kujitwika tena na kurudi navyo nyumbani mbele ya wageni, basi jambo hilo peke yake linatosha kueleza ukimya wa mwaka mzima.

Mwanamke wa Sabatia anapotoka kwake na gorogoro (kopo la kupimia) ya unga, fungu la kunde na mzigo wa kuni kuelekea matangani, haendi kutoa msaada kwa watu wasio na uwezo. Anajua kwamba mna uwezo. Mama yenu aliishi katika kijiji hicho miaka mingi, na bila shaka alisonga ugali katika matanga ya wenzake, alichota maji, alipeleka uji kwa waliojifungua na kukesha na waliofiwa. Yote hayo yaliandikwa katika daftari lisilo na karatasi, ambalo wanawake wa kijiji hulisoma vizuri kuliko karani yeyote. Siku ya kumzika, kila aliyewahi kuhudumiwa na mikono yake alikuja kulipa, naye alikuja na kile ambacho mama yenu alikuwa amempelekea: unga, kuni na kazi. Katika familia nyingi za Waluhya, siku chache baada ya maziko watu hukaa kikao, mara nyingi wakati wa kunyoa nywele, na madeni ya marehemu hutajwa hadharani: ng'ombe wa fulani, mahari iliyobaki, fedha aliyokopeshwa jamaa. Deni la ugali halitajwi katika kikao hicho, kwa sababu hulipwa mekoni kabla ya maziko kwisha, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kumlipa marehemu mwenyewe.

Mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss, aliyelinganisha desturi za zawadi katika jamii nyingi za dunia, alionyesha mwaka 1925 kwamba zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha. Wa kwanza na wa tatu tunafundishwa tangu utotoni. Wa pili ndio husahaulika, hasa na watu wakarimu, kwa kuwa mkarimu hupenda kutoa na huona haya kupokea. Ninyi mlidhani kwamba kumwambia jirani "kaa, pumzika" ni kumpunguzia mzigo, na nia yenu ilikuwa njema kabisa. Hata hivyo, alichosikia ni kwamba hamtaki tena kuwa na deni kwake, wala yeye kuwa na deni kwenu. Na ujirani wa kijijini hudumu kwa sababu hakuna anayemaliza kulipa. Kila mara upande mmoja unadaiwa kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachomtoa mtu kitandani usiku anaposikia kilio cha jirani. Mliposema kila kitu kimeshughulikiwa, mlifunga hesabu ambayo haikufunguliwa na ninyi.

Kuna jambo la majira pia, ambalo sisi wa mjini hulisahau kwa urahisi. Vihiga ina watu wengi na mashamba madogo. Kwa sensa ya 2019 ilikuwa na zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Mahindi ya mvua ndefu huvunwa kuanzia Julai au Agosti, hivyo Aprili ni mwezi wa kupalilia, ghala nyingi zimekwisha, na unga unanunuliwa gorogoro kwa gorogoro. Mwanamke aliyekuja kwenu Aprili na unga kichwani huenda alikuwa amepunguza chakula cha watoto wake wiki hiyo. Unga wa Aprili ukikataliwa huuma kuliko unga wa Septemba.

Tazama vilevile ni nani waliopata nafasi ya kuchangia na ni nani waliokosa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, sisi tulio mbali tumepata njia rahisi ya kushiriki matanga: kikundi kinafunguliwa kwenye simu, mweka hazina anatangaza namba, majina na kiasi vinaorodheshwa, na jioni kila mtu anajua nani ametoa nini. Sina ugomvi na utaratibu huo, kwani umezika watu wengi kwa heshima. Lakini orodha ile inahesabu fedha tu. Jirani asiye na shilingi mia tano alikuwa na mikono yake, sufuria yake na kunde za shambani, na hizo ndizo zilizomfanya awe mtu miongoni mwa watu siku ya msiba. Mpishi wa kulipwa anapochukua meko yote, mwenye fedha anabaki na njia yake ya kuchangia, na asiye nazo anageuzwa mgeni katika matanga ya rafiki yake.

Sasa nije kwenye kauli ya wadogo zako kwamba chakula ni chakula. Kwa upande wa tumbo wana haki: wanga ni wanga, na pilau hushibisha. Hata hivyo, binadamu hakuwahi kula kwa tumbo peke yake. Audrey Richards, mtafiti Mwingereza aliyeishi na Wabemba wa nchi ambayo sasa ni Zambia katika miaka ya 1930, aliwasikia watu waliokwisha kula mahindi kadhaa ya kuchoma wakisema kwamba hawajala kitu siku nzima, kwa kuwa hawakupata ugali. Na kwetu, ukitaka kujua kama wali ni chakula, mwulize mzee yeyote wa Vihiga aliyekula wali arusini atakuambia nini anapofika nyumbani jioni.

Hapa kuna tofauti ambayo naona ndiyo kiini cha swali lako, na ambayo hata wataalamu huipita haraka. Kula pamoja ni jambo moja, na kupika pamoja ni jambo jingine. Kula pamoja kuna nguvu zake: watafiti wawili wa Marekani, Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach, walionyesha mwaka 2017 kwamba watu wasiojuana wakipewa chakula kinachofanana huaminiana zaidi na kuelewana haraka katika majadiliano kuliko wakipewa vyakula tofauti. Ninyi mlikula chakula kimoja na majirani zenu, sahani zile zile, na bado uhusiano ukavunjika. Utafiti huo haujakosea. Ulihusu wageni waliokutana kwa mara ya kwanza, ambao hawana historia. Majirani wa miaka arobaini hawahitaji kuonyeshwa kwamba wanaweza kuaminiana mezani. Wanachohitaji ni nafasi yao mekoni.

Tofauti hiyo haiko kwa Waluhya tu. Korea Kusini kuna desturi ya familia na majirani kukusanyika kabla ya majira ya baridi kutia kabeji chumvi na viungo na kuihifadhi kwa ajili ya miezi isiyo na mboga. Kabeji hiyo, kimchi, inauzwa madukani mwaka mzima, tayari kwa kuliwa, lakini UNESCO ilipoiorodhesha desturi hiyo mwaka 2013 iliorodhesha kazi ya kuitengeneza na kugawana, si chakula chenyewe. Karibu nasi zaidi, katika hekalu la Masingasinga mjini Kisumu, kama katika mahekalu yao yote duniani, kuna jiko linalolisha yeyote anayeingia bila kumwuliza dini wala kabila, na watu huketi chini kwa safu ili tajiri na maskini wawe kimo kimoja. Kukata vitunguu, kusukuma mikate na kuosha sahani pale ni sehemu ya ibada, na kwa hiyo muumini aliyekuja kusukuma mikate haambiwi akae kwa kuwa mikate imenunuliwa.

Pengine umeanza kufikiri kwamba nawatetea wazee wa mila na kwamba kosa lenu lilikuwa kuleta pilau mahali pa ugali. Hapana. Chakula cha matanga magharibi mwa Kenya kimebadilika mara nyingi na kijiji hakikuvunjika. Mahindi yenyewe ni mgeni, asili yake ni Mexico, na kabla hayajatawala mashamba yetu katika karne ya 20 ugali wa huku ulikuwa wa wimbi na mtama. Mbegu chotara ya kwanza ya Kitale ilitolewa mwaka 1964 tu. Chapati ilitufikia kupitia Wahindi, na reli iliyowaleta wengi wao ilifika Kisumu mwaka 1901. Karibu kabisa na kwenu, wamisionari wa kanisa la Friends (Quaker) walifungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902 na kuwakataza waumini pombe, na katika maboma ya waumini chai ikachukua nafasi ya busaa, ambayo wazee walikuwa wakiinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Ninathubutu kusema kwamba kama wanawake wale wangeitwa kuosha mchele, kumenya vitunguu na kusukuma chapati, pilau yenu ingepita bila neno. Na nikiri kwa haki kwamba chapati za wapishi wa mjini mara nyingi ni laini kuliko zinazopikwa matangani usiku wa manane.

Nadhani binamu yako alikuwa na wasiwasi mwingine ambao hakuutaja, kwamba wageni kutoka Nakuru wangedharau kunde na mrenda. Kama ndivyo, amechelewa. Mboga hizo zilizokuwa zikiitwa za maskini zinauzwa leo katika hoteli za Kisumu kwa bei inayozidi sukuma wiki, na mwaka 2021 UNESCO iliutambua mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano wa kuigwa na nchi nyingine.

Lakini usidhani kwamba upishi wa kijiji ni bure au kwamba kila anayeushiriki anaufurahia. Kazi ile ni ngumu kama ulivyosema. Moshi wa kuni unaumiza macho na mapafu, sufuria ya ugali wa watu mia mbili inavunja mgongo, na mzigo mkubwa huwaangukia wake vijana wa boma, ambao husimama mekoni tangu saa kumi alfajiri huku wanaume wakiwa chini ya hema wakijadili programu ya ibada. Mila zetu za chakula zina mambo ambayo sitamani yarudi: katika sehemu nyingi za Uluhyani wanawake walikatazwa kuku na mayai, na firigisi ikawa ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Na ziko familia zilizouza shamba au kukopa ili kulisha waombolezaji kwa wiki nzima. Mtu akiniambia amekodi wapishi kwa sababu boma limebaki na mama mkwe mgonjwa na mke mmoja mwenye mtoto mchanga, nitamwunga mkono mara moja. Kilichokosekana kwenu ni kuulizana. Wanawake wale wangeulizwa mapema, baadhi wangesema asante na wangekaa kwa furaha.

Wengine hukodi wapishi kwa kuamini kwamba chakula chao ni salama zaidi. Si lazima iwe hivyo. Hatari ya chakula cha mkusanyiko hutegemea maji, mikono na muda, na haimjali aliyelipwa wala asiyelipwa. Wali uliopikwa alfajiri na kuachwa katika sufuria hadi saa tisa alasiri unaweza kuwadhuru watu hata kama mpishi amevaa kofia nyeupe, kwa sababu wako bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa na kuamka chakula kinapopoa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kikae katika joto linalozidi nyuzi 60 hadi kinapopakuliwa, na kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, kuwe na maji yanayotiririka na sabuni kando ya choo na kando ya meko, na anayeharisha asipike wala asipakue hata kama ni shangazi mwenye cheo. Unga wa kuchangwa kutoka nyumba nyingi uangaliwe pia: mahindi yenye ukungu au harufu ya uvundo yasichanganywe na mengine, kwani sumu ya ukungu haiondoki kwa kupika, na mwaka 2004 ukungu wa aina hiyo uliwaua watu 125 katika maeneo ya mashariki mwa nchi yetu.

Nikija kwenye Aprili, sioni kama mnaweza kuwarudisha wapishi wale wale wafanye kila kitu kama mwaka jana. Mara ya kwanza ingeweza kusamehewa kama haraka ya msiba, lakini kumbukumbu hupangwa kwa miezi, na kilichopangwa kwa miezi huhesabiwa kuwa msimamo. Wala sikushauri kuwaachia wanawake wa kijiji kila kitu ghafla, maana mtakuwa mnawataka watu waliojeruhiwa ndio waanze kutoa, tena katika mwezi wa njaa. Watakuja wachache, na uchache wao utaonekana na wote, jambo litakaloongeza aibu pande zote mbili. Wazo la tatu, ambalo nalisikia sana siku hizi, ni kukilipa chama cha akina mama kipike. Kwa sherehe ya mjini ni jambo zuri, na vyama vingi vina sufuria zao na hata mahema. Kwenu, mwaka huu, lingekuja vibaya, kwa sababu mngekuwa mnatoa ujira kwa kazi waliyotaka kuifanya bila ujira. Miaka mitatu ijayo, mambo yakiwa yametulia, mnaweza kulifikiria tena, na malipo yaende katika mfuko wa chama.

Ningeigawa kazi. Hema, viti, sahani na nyama mvigharimie ninyi. Kama mnapenda chapati na pilau, mlipeni mpishi mmoja au wawili, lakini waje chini ya uongozi wa mwanamke wa kijiji atakayeshika mwiko siku hiyo. Ugali, mboga, chai na upakuaji viwe mikononi mwa majirani, na mahitaji makubwa kama unga, sukari na mafuta mnunue wenyewe mapema, ili atakayekuja na kunde au kuni alete kile anachoweza bila kuona kwamba kijiji kinalisha watu wa mjini. Atakayekuja na unga, hata kama magunia yamejaa stoo, apokewe kwa mikono miwili na unga wake uingie katika sufuria akiwa anaona. Kuchota maji na kupasua kuni kufanywe na wana wa boma, pamoja na wadogo zako wanaosema chakula ni chakula, itawasaidia kufikiri. Na kama ratiba ya kanisa inaruhusu, zingatieni kuisogeza kumbukumbu hadi Agosti, baada ya mavuno na shule zikiwa zimefungwa. Si lazima, lakini mwenye ghala huja matangani akiwa ameinua kichwa.

Kabla ya hayo yote kuna ziara ambayo haiwezi kufanywa kwa simu, na ni muhimu nani aende. Wewe ni binti aliyeolewa. Ukizunguka peke yako kuomba radhi utakuwa umewaruka wenye boma, na majirani watakupokea kwa adabu bila kukupa neno la kweli. Aende mke wa kaka yako mkubwa, nawe ufuatane naye, mwanzie kwa mwanamke mzee kuliko wote aliyekuwa rafiki wa mama, na binamu yako awepo kwa kuwa maneno yalitoka kinywani mwake. Chukueni majani ya chai na sukari, si bahasha. Msieleze sana sababu za kukodi wapishi, maana maelezo marefu husikika kama utetezi. Semeni kwamba mama alikuwa mwenzao, kwamba siku ya kumzika mliwanyima nafasi yao, na kwamba mnaomba awaongoze katika maandalizi ya kumbukumbu. Kisha nyamazeni, msikilize. Inawezekana mtasikia mambo yaliyowauma zaidi ya unga, na inawezekana mtaambiwa kwa ukali. Atakachowapikia pale nyumbani kwake, hata kama ni chai ya rangi, mnywe na mmalize kikombe.

Baada ya Aprili kazi iliyobaki ni ya kawaida, na itachukua muda mrefu zaidi. Akifiwa jirani, mmoja wenu asafiri, afike mapema kabla ya ibada na avue koti. Mchango wa simu utumwe, lakini uandamane na mtu. Mke wa kaka yako asingoje kulipwa uji aliokosa. Atakapojifungua jirani mwingine awe wa kwanza kuingia na chupa ya uji wa wimbi. Wa kwanza huumia kidogo, na sidhani kama kuna njia ya kuliepuka hilo.

Yako mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyatatua. Ikiwa katika ziara hiyo mtagundua kwamba chuki inahusu mpaka wa shamba, fedha za mazishi au urithi, na kwamba pilau ilikuwa kisingizio tu, acheni kuitibu kwa chakula. Mwiteni mzee wa kijiji na wazee wa ukoo wakae nanyi, na ikibidi mfike kwa naibu wa chifu. Mkisikia uvumi kwamba mama alilishwa kitu, au mtu akitishiwa kwa uvumi wa aina hiyo, msiupuuze wala kuujibu kwa maneno. Wahusisheni chifu na viongozi wa kanisa mapema, kwa kuwa tuhuma za namna hiyo zimewahi kuwagharimu watu maisha.

Kuhusu baba, mfiwa kula kidogo katika miezi ya kwanza si jambo la ajabu, na mjane mwanamume aliyezoea kupakuliwa kwa miaka mingi hupata shida kuliko tunavyodhani. Majirani walipoacha kupita, alipoteza pia wale waliokuwa wakimfanya ale kwa kukaa naye. Kwa sasa mke wa kaka yako asimpelekee sahani nyumbani kwake; wajukuu wamwite aje ale nao, au wao waende na chakula chao wakale kwake. Lakini kukonda kunakoonekana kwa macho baada ya miezi minane ni jambo la daktari. Kunaweza kuwa huzuni iliyogeuka ugonjwa, na kunaweza kuwa kisukari, kifua kikuu, meno mabovu au jambo jingine la mwili ambalo hakuna mkusanyiko utakaoliponya. Mpelekeni wiki hii katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Mbale apimwe uzito, sukari na kifua, na mwelezeni daktari kwamba amefiwa na mkewe. Akikataa chakula kabisa, akiacha kunywa maji, au akisema kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi, msingoje wiki iishe. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na asiachwe alale peke yake.